Uzito wa Sauti Tatu

Wimbo uitwao “Black Sabbath”, wa bendi iitwayo Black Sabbath, katika albamu iitwayo hivyohivyo, umejengwa juu ya sauti tatu za gita. Ya kwanza ni G ya chini. Ya pili ni G hiyohiyo, ila ya juu. Ya tatu ni C shapu, ambayo huachwa itetemeke mpaka ichoke yenyewe. Mtoto aliyeanza kujifunza gita juzi anaweza kuzigusa zote kabla chai yake haijapoa, na atashangaa kwamba mikononi mwake hazimtishi mtu. Lakini kwenye santuri iliyotoka tarehe 13 Februari 1970, baada ya mvua, radi na kengele ya kanisa, sauti hizohizo humsimamisha msikilizaji vinyweleo.

Tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe. Anayejifunza nyimbo za Black Sabbath humaliza mapema sehemu ya kujua vidole viende wapi. Ile inayobaki ndiyo ndefu.

Mkono uliozitunga hizo sauti ulikuwa na upungufu. Tony Iommi, mzaliwa wa Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza, hupiga gita kwa kushoto, kwa hiyo vidole vyake vya kushikia nyuzi ni vya mkono wa kulia. Akiwa na miaka 17 alifanya kazi ya kuchomelea katika kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, kabla ya kuondoka na bendi kwenda kupiga ng’ambo, alirudi nyumbani kula mchana akawa hataki kurudi tena. Mama yake akamwambia aende akamalize. Akaenda. Aliyezoea mashine ya kukandamiza bati hakuwapo, akawekwa yeye, na mashine ikamkata ncha za kidole cha kati na cha pete. Nyapara wake ndiye aliyemletea santuri ya Django Reinhardt, akamwacha asikilize kwanza, kisha akamweleza kwamba mpigaji yule alikuwa ameungua katika moto wa gari lao la kuishi na sasa alitegemea vidole viwili.

Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajifinyangia kastabini mbili, akazivika ngozi aliyoikata kwenye koti lake. Nyuzi nene zilimuumiza, na nyembamba za gita hazikuwa zikiuzwa enzi hizo, kwa hiyo akafunga nyuzi za banjo. Tena ngozi haihisi uzi, hivyo ilimbidi asikie kwa sikio kile ambacho wengine hukihisi kwa ncha ya kidole.

Sisi tuliolelewa na gita la dansi tunaanza upande wa pili kabisa. Solo ya dansi hukaa juu ya shingo ya gita, kwenye nyuzi nyembamba, haitulii. Chini yake ridhimu inajibu, besi inajibu, na raha yote imo katika kupishana. Mara ya kwanza nilipojaribu kupiga “Iron Man” niliona kama nimenyimwa chakula. Iko wapi ile kazi ya vidole? Kifungu kile kinapanda kwa hatua kubwa, kinashuka, kinarudi, na kila hatua imebeba sauti mbili tu zilizoshikwa pamoja, ya msingi na ya tano yake.

Kuna sababu ya kushika mbili, na haihusiani na uvivu. Amplifaya ikisukumwa mpaka ikwaruze, kila sauti huzaa sauti nyingine juu yake, na sauti zinazoshikwa pamoja huzaa nyingine kati yao. Ongeza ile ya tatu, ambayo ndiyo huupa wimbo furaha au huzuni yake, na kwenye nyuzi nene za chini utapata tope. Ukiiacha, kinabaki kitu kigumu, kipana, kisichosema kama kina furaha au huzuni. Kwa mkono wa Iommi umbo hilo lilikuwa pia jepesi kulishika kuliko maumbo mapana ya vidole vinne. Mahitaji ya mashine na mahitaji ya jeraha yalikutana mahali pamoja, na vijana wa dunia nzima wakadhani ni mtindo.

“War Pigs” ndiyo iliyonifundisha zaidi, na ilinifundisha mahali ambapo gita halipigi. Beti zake huanza kwa mapigo mawili mafupi, kisha gita linanyamaza kabisa. Yanabaki matoazi ya kukanyagia mguu yakihesabu, na Ozzy Osbourne akiimba peke yake katika uwazi ule. Kunyamazisha gita la umeme lililofunguliwa sauti si jambo la kuacha tu kupiga. Kiganja cha kulia lazima kizibe nyuzi, vidole vya kushoto vilegee bila kuachia, na vyote vifanyike kwa wakati uleule, la sivyo amplifaya italia yenyewe. Wanafunzi wengi, nikiwa mmojawapo, hulijaza pengo lile kwa mikwaruzo midogo ya woga. Kila mkwaruzo unapunguza uzito wa mapigo mawili yanayofuata.

Mwaka 1971, katika albamu ya *Master of Reality*, Iommi alizilegeza nyuzi kwa nusu toni tatu katika nyimbo kadhaa, vidole vipate nafuu. “Into the Void” na “Children of the Grave” zimo humo. Uzi uliolegea una adabu zake. Ukiupiga kwa hasira, sauti yake hupanda kidogo kabla ya kutulia. Ukiuminya mno juu ya freti, nao hupanda. Kwa hiyo wimbo unaosikika kama nyundo hutaka mkono mwororo, na anayekuja akiwa amekunja uso na kukaza misuli hutoa sauti iliyopinda. Kwa maoni yangu hili halisemwi vya kutosha kuhusu hevi metali: nguvu hutoka kwenye amplifaya, na mpigaji kazi yake ni kutoiharibu.

Wengine watasema huu ni muziki wa watu wasiojua kupiga. Basi wamsikilize Geezer Butler. Bendi haikuwa na gita la pili, na yeye alikuwa mpiga gita kabla ya kushika besi. Anatembea na Iommi bega kwa bega, kisha Iommi akipaa kwenye solo yeye hubaki chini akilijaza shimo, akivuta nyuzi za besi kama za gita. “N.I.B.” inaanza na yeye peke yake. Ndiye pia aliyependa “Mars” ya Gustav Holst, na zile sauti tatu za mwanzo zimepitia huko kabla ya kufika gitani.

Tarehe 5 Julai 2025 wanamuziki wanne wa mwanzo wa bendi hiyo walikutana tena jukwaani Villa Park, mtaa wa Aston walikokulia, Ozzy akiimba ameketi. Alifariki tarehe 22 mwezi huohuo. Walipiga nyimbo nne tu, “War Pigs”, “N.I.B.”, “Iron Man” na “Paranoid”, zote za mwaka 1970.

Ukizijua hizo nne utafika mahali ambapo chumbani peke yako huendi mbele tena, na sababu yake ni mpiga dramu wao, Bill Ward. Alikua akisikiliza jazi, na dramu zake hazipigi kama saa ya ukutani. Hujivuta nyuma ya gita, kisha huliwahi. Sikiliza “Fairies Wear Boots” inavyobembea. Hakuna mashine ya kuhesabia mapigo itakayokupa hilo. Tafuta mpiga dramu, na usimtafute miongoni mwa wapenzi wa metali pekee, ambao wengi wao siku hizi wanajali kasi. Mtafute kwenye bendi ya rumba au kwaya ya kanisa, mtu aliyezoea kuchezesha watu, umwombe apunguze mwendo mpaka aone aibu.