Flashi na Kanzu Nyeupe

Ufuo wa Diani, Kenya, unatazama mashariki, kwa hiyo alasiri jua hujificha nyuma ya minazi na wapiga picha wa harusi hutoa flashi mkobani kabla hata ya magharibi. Hapo ndipo mtihani huanza: bwana harusi kavaa kanzu nyeupe, kina mama wamejipanga na mabuibui meusi, na ukumbini juu ni makuti. Ukiiachia oto ya flashi ifanye kazi peke yake, itakosea. Fundi ni yule anayejua itakosea vipi.

Oto ya zamani, ya Vivitar 283 kwa mfano, ina jicho lake mbele ya flashi. Unachagua rangi, manjano, nyekundu, buluu au zambarau, kisha unaweka tundu la lenzi linaloendana nayo. Mwanga hutoka, hugonga watu, hurudi. Jicho likiridhika, saketi huukata kabla sehemu moja ya elfu ya sekunde haijaisha, na umeme uliobaki hutunzwa kwa picha ijayo. Kamera haiulizwi kitu.

TTL, oto ya kisasa zaidi, hupima kupitia lenzi. Olympus OM-2 ya 1975 ilisoma mwanga uliorudi kutoka kwenye filamu yenyewe. Siku hizi flashi hurusha kwanza mwako mdogo wa kupimia, mtindo ambao Canon waliuingiza 1995 kwa jina la E-TTL, ndipo huja mwako wenyewe. Kwa lenzi ndefu ni sahihi zaidi, ila wapo wanaofumba macho katikati ya miako hiyo miwili.

Sasa ile kanzu. Hurudisha mwanga mwingi, jicho likadhani kazi imekwisha. Kanzu ikatoka ya kijivu, uso ukawa giza. Mwenye TTL huongeza stopu moja kwa kitufe. Mwenye 283 huidanganya: lenzi iko f/5.6, flashi inaambiwa f/8, nayo inamimina mwanga maradufu. Ujanja huu naupenda kuliko kitufe chochote. Mabuibui yakijaa kwenye picha, hufanya kinyume. Na makuti haelekezei flashi kabisa, maana humeza mwanga na kumaliza betri, na kidogo kinachorudi kina ukahawia.

Ukirithi 283 kuukuu, mpe fundi aipime kwanza. Baadhi ya zile za mwanzo hupeleka zaidi ya volti 200 pale zinapochomekwa, na kamera nyingi za dijitali hazistahimili.