Kimo Kabla ya Upana: Matairi Makubwa kwa Gari la Kila Siku Kusini mwa Maniema

Katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, gari linalofaa kwa kazi ya kila siku ni lile linaloweza kupita kwenye matope ya Novemba na changarawe ya Julai bila kubadilishiwa chochote isipokuwa upepo wa matairi. Gari hilo mara nyingi ni Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, hasa HZJ78 na HZJ79, ambayo injini yake ya dizeli aina ya 1HZ, yenye ujazo wa lita 4.2 na isiyo na turbo, hutoa nguvu za farasi takribani 130. Kila matairi ya kiwandani yanapokwisha, swali ni lile lile: je, inafaa kufunga makubwa kuliko aliyoyakusudia mtengenezaji, na yakifungwa, ukubwa huo uongezwe kwenye kimo au kwenye upana? Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba katika udongo wa Kasongo na mji jirani wa Nyangwe kimo kina faida iliyo na mpaka, ilhali upana, ambao ndio unaovutia macho sokoni, mara nyingi ni hasara iliyolipiwa.

Vipimo vilivyochapwa kwenye ubavu wa tairi ndivyo vinavyoanza kuamua. Katika 235/85R16, namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo, herufi R huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kwa kukatiza kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hesabu yake hutoa tairi lenye kipenyo cha karibu milimita 806, ambacho karibu ni sawa na kile cha 7.50R16, kipimo cha zamani kinachotaja upana kwa inchi na ambacho Land Cruiser nyingi za kazi zilitoka nacho kiwandani. Tairi la 285/75R16 lina karibu milimita 834, na la 315/75R16, ambalo kwa macho ya vijana ndilo tairi la gari la kiume, lina karibu 879. Hata hivyo, ekseli huinuliwa kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo, kwa hiyo la 285 huipandisha difu, lile sanduku la gia katikati ya ekseli, milimita 14 na la 315 milimita 36 na ushei. Milimita 14 ni chini ya unene wa kidole gumba, na mtu anayeijua mifuo iliyochimbwa na malori kwenye barabara ya Kabambare hawezi kudai kwamba kimo hicho kitamwokoa.

Kuhusu upana, wengi huamini kwamba tairi pana hukanyaga ardhi kubwa zaidi na kwa hiyo halizami. Imani hiyo ina ukweli nusu. Tairi huigusa ardhi kwa eneo ambalo, kwa kukadiria, hupatikana kwa kuugawa uzito uliolielemea kwa shinikizo la upepo uliomo ndani yake. Upepo ukibaki ule ule, tairi pana hupata alama fupi na pana, na jembamba hupata alama ndefu na nyembamba, lakini eneo lenyewe halibadiliki sana. Kinachoongeza eneo kwa hakika ni kupunguza upepo, na tairi lenye ubavu mrefu hustahimili upungufu huo vizuri zaidi kwa sababu ubavu wake una nafasi ya kukunjika bila rimu kugonga jiwe. Hapo ndipo kimo kinapolipa, zaidi kuliko katika kuinua difu.

Kuna ardhi ambako upana unastahili sifa zake. Katika mchanga wa Sharqiya nchini Oman, ambako madereva wa mji wa Ibra hushusha upepo hadi shinikizo la karibu baa moja kabla ya kupanda matuta, hakuna sakafu ngumu chini ya mchanga, na gari halina budi kuelea juu yake. Katika theluji ya Iceland mambo ni hivyo hivyo, na huko matairi ya inchi 38 na zaidi si mapambo. Udongo mwekundu wa Maniema una tabia nyingine: mvua ikinyesha, tabaka la juu hugeuka kuwa utelezi unaonata, lakini katika sehemu nyingi za barabara, chini yake kuna udongo ulioshindiliwa na mawe ya laterite, yaani ule udongo wenye chuma unaokauka kuwa mgumu kama tofali. Tairi jembamba hulikata tope mpaka likaipata sakafu hiyo na kushika. Pana husambaza uzito juu ya utelezi na kuyumba kuelekea mtaroni. Palipo na shimo lisilo na sakafu, kama kwenye mabonde ya vijito viingiavyo mto Luama, yote mawili hukwama, na hapo kinachofanya kazi ni kebo, majembe na watu.

Madaraja yenyewe yana neno la kusema katika suala hili. Pale daraja linapokuwa magogo yaliyolazwa kwa urefu, na mbao mbili juu yake kama njia za magurudumu, dereva aliye na tairi la milimita 235 hubakiwa na nafasi ya kukosea kila upande, wakati mwenye 315 hupita na kingo za tairi zikining'inia hewani, huku msaidizi wake akitembea kinyumenyume mbele ya gari na kumwelekeza kwa vidole. Mifuo ya barabara nayo humkwamisha: tairi lililo pana kuliko mfuo hukwangua kuta zake kwa mabavu, na gharama ya kukwangua huko hulipwa kwa mafuta na usukani.

Gharama nyingine hazionekani siku ya kufunga. Kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 9, kama ilivyo kwa 315 dhidi ya 235/85, kila gia inakuwa ndefu kwa kiasi hicho hicho. Msukumo unaofika ardhini hupungua kwa zaidi ya asilimia 8, na injini isiyo na turbo, ambayo tayari hupanda milima kwa subira, hulazimika kurudi gia ya pili mahali ilipokuwa ikienda na ya tatu. Kipimamwendo kinaposoma 60, gari huenda kama 65. Breki hupaswa kusimamisha gurudumu zito zaidi, beringi na viungo vya usukani huchakaa mapema, na usukani ukikatwa hadi mwisho tairi huweza kugusa mikono ya ekseli ya mbele. Yote hayo hurekebishika kwa springi ndefu, rimu nyingine na gia fupi za difu, lakini yakirekebishwa yote, mwenye gari atakuwa amejenga gari ambalo hakuna gereji ya Kasongo yenye spea zake.

Rimu inahitaji uangalifu mkubwa kuliko inavyopewa. Rimu ya asili ya magari haya ina upana wa inchi 5.5 na imeundwa kwa vipande, ikiwa na pete inayong'olewa kwa nyundo na vyuma, na ndani huwekwa tyubu. Kwa hiyo pancha huzibwa kando ya njia bila mashine. Tairi la 235/85 huhitaji rimu ya kuanzia inchi 6, na la 285/75 ya kuanzia 7.5. Fundi akilibana tairi pana kwenye rimu nyembamba, uso wake huumuka katikati, meno ya katikati huisha upesi, na ubavu hukosa utulivu kwenye kona. Pete nayo ni hatari inayojulikana: ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo huweza kuruka na kuua, na fundi mwenye busara huigeuzia chini au huizungushia mnyororo kabla ya kufungua hewa.

Namba ya mzigo, inayofuata kipimo kwenye ubavu, haina nafasi ya kubembelezwa. Namba 116 maana yake ni kilo 1,250 kwa kila tairi na 120 ni kilo 1,400, na kwa gari ambalo likishehenezwa hukaribia au kupita tani tatu, huku uzito mwingi ukiangukia nyuma, tairi la namba ndogo huweza kupasuka hata likiwa jipya. Kwenye barabara kavu, tairi la 235/85 huhitaji kama baa 3 mbele na 3.5 au zaidi nyuma likiwa na mzigo. Kwenye matope hushushwa hadi karibu 2, lakini lenye tyubu halishushwi sana chini ya hapo, kwa kuwa tairi huteleza kwenye rimu na kung'oa shina la valvu. Pampu ya kuurudisha upepo, basi, ni sehemu ya uchaguzi wa tairi, ingawa ni wachache wanaoitaja.

Linabaki suala la upatikanaji, ambalo pengine lingepaswa kutangulia. Mizigo inayoshushwa na treni kwenye kituo cha Samba hulazimika kuvuka mto Lualaba kabla ya kufika Kasongo, na matairi hununuliwa moja moja kadiri yanavyopatikana. Mfumo wa kusukuma magurudumu manne wa magari haya hauna difu ya katikati, kwa hiyo magurudumu yote manne yanaposukuma, ekseli mbili zenye matairi ya vipenyo tofauti huvutana na kukaza shafti mpaka kitu fulani kivunjike. Anayehamia 315 hana budi kununua matano kwa pamoja, la akiba likiwemo, na kuyamaliza kwa pamoja. Kipimo cha 7.50R16, kinyume chake, hutumiwa pia na malori madogo kama Mitsubishi Canter, na kwa kuwa kipenyo chake karibu ni sawa na cha 235/85, Land Cruiser iliyopasukiwa tairi njia ya Nyangwe huweza kuazima tairi la lori, likavuliwa kwenye rimu yake na kuvishwa ya Land Cruiser, na gari likafika Kasongo bila kuumiza difu.