Jeshi la Vijizimwi: Magoblini Walio Bora katika Magic: The Gathering

Katika mchezo wa kadi uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Kimarekani, na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993, ni shida kupata kabila la viumbe lililodharauliwa mwanzoni na kuogopwa baadaye kama magoblini, vijizimwi wekundu wa milimani, ambao katika toleo la kwanza walikuwa wanyonge mfano wa Mons's Goblin Raiders, kiumbe mwenye nguvu moja na uhai mmoja, asiye na uwezo mwingine wowote ulioandikwa kwenye kadi yake. Aliyewatazama wakati ule kwa jicho la insafu angesema kwamba hawa ni kitoweo cha majoka tu; na hata Goblin King, aliyewaongezea nguvu moja na uhai mmoja na kuwapa uwezo wa kupita bila kuzuiwa madhali adui anamiliki kadi ya Mlima, hapo awali hakuandikwa kuwa goblini, ikawa wanatawaliwa na sultani asiye wa kabila lao.

Goblini yupi, basi, aliye bora kuliko wote? Swali hili aghalabu hujibiwa ovyo, kwa kuwa mjibuji huwachukua mmoja mmoja, akamlinganisha kila mmoja na bei yake ya mana, kama apimavyo joka au malaika, kisha akamtunuku taji yule mwenye kifua kipana. Kipimo hicho hakiwafai magoblini. Thamani ya goblini ni kama ya kete ya bao, ambayo peke yake si kitu, ila ikiangukia shimo lenye wenziwe hufanya maajabu. Kwa hiyo la kuulizwa juu ya kila goblini ni je, anawaleta wenzake, au anawapunguzia gharama, au anawaharakisha kwenda vitani?

Kwa asiyeujua mchezo, inatosha kusema kwamba kila mchezaji huanza na uhai 20 na rundo la kadi zisizopungua 60, na kwamba hana ruhusa ya kutia zaidi ya nakala nne za kadi moja, isipokuwa kadi za ardhi za kawaida. Kwamba kila zamu huweka ardhi moja, nayo ardhi humpa mana ya kulipia viumbe wake. Na kwamba kiumbe aliyeingia uwanjani hashambulii mpaka zamu inayofuata ya bwana wake.

Sasa mtazame Goblin Lackey wa mwaka 1998. Bei yake ni mana moja nyekundu, nguvu yake moja, uhai wake mmoja, na sharti lake ni jepesi: akimdhuru mchezaji, bwana wake ana hiari ya kumtoa goblini yeyote mkononi na kumweka uwanjani bila kulipa hata chembe ya mana. Tuseme Lackey ameingia katika zamu ya kwanza, na katika zamu ya pili adui hana wa kumzuia. Anapiga, adui anabaki na 19, na mara anaingia Siege-Gang Commander wa mwaka 2003, amiri wa bei ya mana tano, ambaye haingii peke yake bali huzaa magoblini watatu wadogo wenye nguvu moja moja. Ardhi mbili za zamu hiyo bado hazijatumika. Kwa hizo anaitwa Goblin Piledriver wa mwaka 2002, ambaye kila ashambuliapo huongezewa nguvu mbili kwa ajili ya kila goblini mwingine aliyemo katika shambulio lile. Zamu ya tatu wote wanatoka: Lackey kwa moja, amiri kwa mbili, wadogo kwa tatu, na Piledriver, mwenye nguvu moja ya asili na wenzake watano ubavuni, kwa kumi na moja. Jumla ni 17, na adui asiye na wa kumkinga amebakiwa na 2. Na kwa kuwa amiri huweza kumtoa mhanga goblini mmoja, kwa mana mbili, amtupe kama jiwe la teo na kudhuru uhai 2, mchezo umekwisha kabla ya adui kuweka ardhi yake ya nne. Si ajabu kwamba Lackey alipigwa marufuku katika mashindano ya Extended mwaka 2003.

Juu ya Piledriver huyu liko jambo linalowatatiza wanagenzi. Yeye amekingwa na rangi ya buluu, maana yake viumbe wa buluu hawawezi kumzuia wala uganga wa buluu hauwezi kumlenga. Lakini kinga hiyo huanza pale tu akanyagapo uwanja, na angali njiani, akiwa bado ni uganga unaotamkwa, mwenye buluu anaweza kumbatilisha kama abatilishavyo kadi nyingine yoyote. Wengi wamempoteza kwa kudhani vinginevyo.

Goblin Warchief wa mwaka 2003 hufanya kazi mbili kwa pamoja: humpunguzia kila goblini mana moja ya bei yake, na huwaruhusu wote kushambulia zamu ile ile waingiapo. Punguzo lake, hata hivyo, haligusi mana ya rangi, basi Lackey hubaki na bei yake ile ile, ilhali Piledriver hushuka kutoka mbili hadi moja, na Siege-Gang Commander kutoka tano hadi nne. Wakiwapo Warchief wawili uwanjani, hesabu za adui zote huvurugika.

Lakini mimi, pamoja na kuwastahi hao wote, naona kwamba roho ya jeshi hili imo katika wawili wasiotisha kwa sura. Goblin Matron, kwa mana tatu, huingia na kumtafuta goblini mmoja rundoni, yeyote bwana wake amtakaye, akamtia mkononi. Goblin Ringleader wa mwaka 2001, kwa mana nne, hushambulia zamu ile ile bila kumngoja Warchief, na aingiapo hufunua kadi nne za juu za rundo. Kila goblini aliyemo huenda mkononi, na zisizo za magoblini hupelekwa chini. Rundo likiwa nusu yake ni magoblini, Ringleader huleta wawili kwa wastani, na uwezekano wa kutopata hata mmoja ni chini ya asilimia 6. Tena miongoni mwa awaletao huenda yumo Matron, naye Matron humtafuta Ringleader wa pili, na Ringleader wa pili hufunua nne nyingine. Akiwapo Warchief mmoja, ardhi tano zatosha kuwaita Matron na Ringleader katika zamu moja. Adui aliyetumia kadi moja kumuua kila goblini hujikuta mikono mitupu, ilhali mwenzake bado ameshika kadi saba.

Ushahidi wa haya ni Goblin Recruiter wa mwaka 1997, aliyewekwa katika orodha ya waliokatazwa katika mashindano ya Legacy tangu yalipoanzishwa mwaka 2004. Kwa mana mbili tu alimruhusu bwana wake kuwachomoa magoblini wowote, kwa idadi aitakayo, na kuwapanga juu ya rundo kwa utaratibu aupendao, hata Ringleader akawa habahatishi tena bali anavuna wanne kwa hakika. Walio werevu wakamtia pamoja na kadi iitwayo Food Chain, inayomwondoa kiumbe mchezoni na kulipa mana ya bei yake na moja zaidi, ya kuwaitia viumbe tu: Ringleader mmoja akatoa mana tano, anayefuata akagharimu nne, na mnyororo ukaendelea hadi jeshi zima likasimama uwanjani kwa zamu moja.

Wa siku hizi wamsifuo sana ni Muxus, Goblin Grandee, wa mwaka 2020, ambaye hufunua kadi sita na kuwatia uwanjani magoblini wote wenye bei isiyozidi tano. Ni mtu wa kutisha, hakuna shaka, na Skirk Prospector, anayewageuza wenzake kuwa mana nyekundu kwa kuwatoa mhanga, humfikisha mapema. Lakini hudai mana sita, na akibatilishwa njiani huwa ameteketeza waliomlipia.

Maradhi ya kabila hili yanajulikana. Engineered Plague, kadi ya mwaka 1999, humtaka mchezaji ataje aina moja ya viumbe, na wote wa aina hiyo wakapungukiwa na nguvu moja na uhai mmoja. Wenye uhai mmoja wakafa papo hapo, Lackey na Matron miongoni mwao. Ringleader, mwenye uhai wa mbili, hubaki hai, na hata angekufa, kazi yake huwa imekwisha kutimia.

Kwa sababu hiyo nampa Ringleader nafasi ya kwanza, Matron ya pili kwa kuwa ndiye amletaye, na Lackey ya tatu, kwani huyo wa mwisho ni hatari kuu katika zamu ya kwanza na karibu si kitu katika zamu ya nane. Warchief namweka wa nne. Anayejenga rundo la magoblini leo na aanze kwa nakala nne za Ringleader na nne za Matron, ndipo awafikirie wanaopiga.