Pongezi kwa Wapiga Tarumbeta wa Njombe

Wayahudi wana shofa, pembe ya kondoo dume wanayoipuliza Mwaka Mpya wao. Haina vitufe wala matundu ya vidole. Sauti zote ni kazi ya midomo na pumzi. Walutheri wa Njombe na Makambako wana tarumbeta za shaba, urithi wa bendi za makanisa ya Ujerumani, walikotoka wamisionari wa Misheni ya Berlin waliofika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891. Vitufe vitatu vipo, lakini havimsaidii asiyejua kutetemesha midomo.

Hapo ndipo mwanafunzi anapotoka jasho. Anadhani kazi ni mapafu tu, anavimbisha mashavu kama chura, kinatoka kishindo cha aibu. Mwalimu humrudisha nyuma: kaza pembe za mdomo, acha katikati ilegee, vuta pumzi toka tumboni. Noti moja ndefu, tena na tena. (Majirani nao wanastahili pongezi.)

Halafu kuna baridi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai shaba iliyopoa hushusha sauti. Mpigaji mzoefu huipasha kwanza kwa pumzi, ndipo wimbo uanze.

Nawasifu pia kwa kutochagua shughuli: harusini wapo, ibadani wapo, makaburini wapo. Na wale wa besi, ambao hakuna anayewapiga picha, nawavulia kofia mara mbili.