Boti za Ndege Zilivyogeuzwa za Kivita: Mimi na Toutou

Mwaka 1915 Wajerumani walitamba Ziwa Tanganyika kwa meli zao za Kigoma. Uingereza ilijibu kwa boti mbili za petroli, Mimi na Toutou, zenye urefu wa futi 40. Kampuni ya Thornycroft ilikuwa imeziunda zihudumie ndege za majini za Ugiriki. Kwa udogo wao zilipakiwa treni kutoka Cape Town hadi Fungurume, zikavushwa milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na maksai. Njia na madaraja yalijengwa kwa jasho la vibarua Waafrika, ambao kazi yao yastahili kutajwa kwanza.

Ugeuzaji wenyewe ulikuwa mchache. Omo ilifungwa mzinga wa ratili 3, tezi ikapewa bunduki ya rashasha aina ya Maxim. Ugumu ulikuwa katika teke la mzinga: kila ukifyatuka hurudi nyuma kwa nguvu, na bodi ya mbao iliyo nyembamba haihimili kishindo cha ubavuni. Kwa hiyo mzinga ulipigwa boti ikiwa imeelekezwa moja kwa moja kwa adui.

Mbinu za vita zilifuata kizuizi hicho. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliifukuza meli ya Wajerumani, Kingani, ambayo mzinga wake nao ulitazama mbele tu. Zikaijia kwa nyuma, na kwa kuwa zilikuwa na mbio zaidi, haikuweza kuzikwepa. Ikatekwa kwa dakika chache.

Kingani ikapewa jina la Fifi na kufungwa mzinga wa ratili 12. Hapo ndipo hesabu ya teke la mzinga ilipojitokeza. Tarehe 9 Februari 1916, Fifi ilipoiandama meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, teke la kila kombora liliipunguzia mwendo na windo likazidi kwenda mbali. Mimi ikatangulia na kuishambulia kwa mzinga wake mdogo. Hedwig ikalazimika kugeuka ili mizinga yake ya omo ipate shabaha, na kila ilipogeuka Fifi ilisogea. Hatimaye Hedwig ikazamishwa.

Sifa nyingi hupewa kamanda wa boti hizo, Spicer-Simson. Nami nawasifu zaidi mafundi. Anayekigeuza chombo cha kiraia kuwa cha doria aanze kwa kupima kishindo ambacho bodi yake inaweza kukibeba, kisha ndipo achague mzinga.