Hesabu ya Nyamgondho

Hadithi ya Nyamgondho wuod Ombare husimuliwa vibaya, na nadhani ni kwa sababu ikisimuliwa vizuri inatuuma. Kama umekulia upande wa Homa Bay, unaijua tangu utotoni. Kama hukukulia huko, kwa ufupi iko hivi.

Gwassi, ukingoni mwa ziwa, aliishi mvuvi maskini. Siku moja wavu ukawa mzito, akauvuta akitarajia samaki, akapata mwanamke mzee asiye na sura ya kutamanika; wengine husema alikuwa na jicho moja. Akataka kumrudisha majini. Mwanamke akamsihi amchukue, naye akampeleka nyumbani. Kulipokucha, boma lilikuwa limejaa ng'ombe. Nyamgondho akatajirika, akaoa wake wengine, akawa mtu wa kualikwa kwenye pombe za wakubwa. Halafu usiku mmoja akarudi amelewa, akakuta lango limefungwa, na hasira zote akammwagia yule mwanamke wa ziwani. Akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyemwopoa majini. Mwanamke hakubishana. Alishika njia ya ziwani, na mifugo yote ikamfuata mpaka ikazama. Nyamgondho akabaki ufuoni ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Huko Nyandiwa wenyeji bado hukuonyesha alama mwambani, wakisema ni kwato za ng'ombe wale.

Mimi niliisikia mara ya kwanza darasani, na funzo lilikuwa ubaoni hata kabla hadithi haijaisha: pombe ni mbaya. Baadaye nikaisikia harusini, funzo likawa heshimu bibi yako. Siku hizi nakutana nayo kwenye video za motisha, pale jamaa mwenye suti anapokuambia kiburi hufukuza baraka. Sina ubishi na hayo. Lakini yote yanaruka kile kitu kimoja kilichofanya ng'ombe waondoke, yaani maneno yenyewe ya pale langoni.

Hebu tuyaangalie. Katika masimulizi niliyosikia, anaweza kumtukana sura, anaweza kumtukana uzee, ila kiini hakibadiliki: mimi ndiye niliyekutoa majini. Na si uongo! Kweli alimtoa. Nyamgondho anaukumbuka vizuri sana usiku wa wavu, ila ameisahau asubuhi ya ng'ombe. Anachukua jambo moja la kweli, anafuta lile lililofuata, na ghafla mwenye kudaiwa anakuwa mwenye kudai. Hii ni hesabu iliyopinduliwa, na mwanamke anaitambua mara moja. Ndiyo maana habishani. Anachofanya ni kufunga daftari na kuchukua kilichokuwa chake.

Kwa hiyo naisoma hadithi hii kama hadithi ya utajiri, kabla ya kuwa hadithi ya pombe au ya ndoa. Na inasema jambo gumu kuliko lile la "pesa si kila kitu", ambalo kwa kawaida husemwa na mtu aliyekwisha kulipa kodi ya nyumba. Hakuna mahali hadithi inadharau ng'ombe. Ng'ombe ni wazuri, njaa ni mbaya, na hakuna anayetuambia kwamba Nyamgondho alikuwa na raha zaidi alipokuwa hana kitu. Inachouliza ni kama tajiri anaweza kueleza kwa ukweli mali yake ilitoka wapi. Siku anaposhindwa, bado ana fimbo mkononi na jina mdomoni mwa watu, lakini boma ni tupu.

Ukitaka kuona kwamba hadithi hizi hazigawi zawadi kwa watu wazuri, toka Gwassi uende Karachuonyo, karibu na Kendu Bay, kwenye ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wanajiolojia watakuambia ni ziwa la kreta, maji yake ya magadi, na heroe hulitembelea. Wenyeji watakuambia ni kijiji kilichozama. Kulikuwa na sherehe, chakula tele, ngoma zinalia. Akaja mwanamke mzee mgeni, akaomba kula na mahali pa kulala, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu akamkaribisha. Usiku huo kijiji kikaenda na maji, akaokoka yule aliyempa mgeni chakula.

Na sasa ona kitu ambacho walimu hawakisemi: aliyeokoka hapati ng'ombe hata mmoja. Anapewa onyo tu, basi, aondoke haraka. Huyu alitoa bila kujua anampa nani, na malipo yake ni uhai bila mtaji. Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja, wazo la "toa ujazwe" linakosa pa kusimama. Nyamgondho alijazwa kwanza, na kosa lake likaja baadaye. Watu wa Simbi walikuwa wameshashiba tayari. Hadithi zote mbili zinaanza kumwangalia tajiri baada ya kupata, mtu anapogonga au anapofungua lango.

Lakini kuna pingamizi la haki. Utasema: hayo ni mambo ya miujiza, mimi hakuna mwanamke aliyetoka ziwani akanijazia boma. Nimetoka jasho langu. Sawa. Kwa pingamizi hilo naenda kwa Grace Ogot, katika riwaya yake The Promised Land ya mwaka 1966. Ochola na mkewe Nyapol wanahama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi na mali. Ochola anafanikiwa kwa kulima, hakuna muujiza. Kisha jirani mwenye wivu anamroga, mwili wake unaota miiba, na anapopata mganga wa kumponya, sharti ni waondoke. Wanarudi kwao bila ile mali.

Wengi huisoma riwaya hii kama onyo kuhusu ugeni na uchawi. Mimi narudi mwanzoni, kwa Nyapol. Hakutaka kuhama. Alisema, hakusikilizwa, akaenda, akafanya kazi, akauguza. Ndoto ilikuwa ya Ochola, lakini gharama waligawana. Hata jasho "langu" basi lina mtu mwingine ndani yake. Ogot anatuonyesha Nyapol waziwazi tangu mwanzo, na bado wasomaji tunaikumbuka riwaya kama safari ya mwanamume. Tumepiga hesabu ile ile ya langoni.

Sasa vuka Homa Bay uingie Migori, Nyatike, sehemu za Macalder, ambako kampuni za enzi ya ukoloni zilichimba dhahabu na shaba, na ambako wachimbaji wadogo bado wanashuka mashimoni. Hapa hakuna mzimu wa ziwa. Kuna mwenye shamba, mwenye shimo, vijana wanaoshuka, na akina mama wanaoponda mawe na kuosha mchanga. Zebaki huchanganywa kwa mikono ili inase dhahabu, kisha huchomwa, na moshi wake humwingia yeyote aliye karibu. Kipande kidogo kinachobaki kinafika sokoni kisafi, bila alama ya mkono wa mtu. Mnunuzi wa mwisho anaweza kusema ni chake na asikosee kisheria. Ndivyo na Nyamgondho: kila alichosema langoni kilikuwa na ukweli wake.

Naandika haya nikiwa na simu yenye vikundi vinne vya michango, harusi moja na matanga mawili, na najua hasira ya kijana wa mjini anayeona mshahara ukiisha tarehe tano. Sisemi ulipe kila anayegonga. Hadithi yenyewe haidai hivyo. Mwanamke wa ziwani hakuwahi kuomba ng'ombe wagawiwe kijiji kizima. Unaweza kusema "sina" na bado ukabaki mkweli. Kinachokuharibu ni kusema "nilijitengeneza mwenyewe" ukiwa umevaa sweta ya shule ambayo shangazi aliuza kuku ainunue.

Na hadithi nayo haijasalimika. Kuna swali moja nisiloweza kuisamehe. Tunamjua mvuvi kwa jina lake na la baba yake. Mahali pale panaitwa Nyamgondho, na watalii hupelekwa kumwona Nyamgondho. Lakini mwanamke aliyeleta kila kitu, katika masimulizi yote niliyosikia, hana jina. Ni "yule aliyetolewa ziwani", yaani tunamwita kwa tusi lile lile lililomfukuza. Vizazi vyote hivi tumekuwa tukimcheka mlevi, huku tukirudia maneno yake neno kwa neno. Ukiwahi kuisimulia, ianze asubuhi, boma likiwa limejaa, na umpe mwanamke jina.