Kipupwe si majira ya theluji: Kasoro katika mazoezi ya watoto

KILA ifikapo Novemba, walimu wa Kiswahili walioko Marekani na Kanada, wengi wao wenzetu waliotoka huku, huanza kutafuta karatasi za mazoezi kuhusu majira ya baridi. Wanafunzi wao ni watoto wa Wakenya, Watanzania na Wakongo. Theluji wanaiona dirishani, na ni busara kumfundisha mtoto lugha kwa kile anachokiona. Nimezipitia karatasi kadhaa za aina hiyo, zote zikiwa tafsiri kutoka Kiingereza. Baadhi zinatumiwa hata hapa nchini, katika shule zinazofuata mtaala wa Uingereza. Picha zake zinapendeza. Lugha ndiyo inayonitia wasiwasi.

Mojawapo inaanza kwa kumwarifu mtoto kwamba kipupwe ni miezi ya Desemba, Januari na Februari. Sasa hebu mtoto huyo aliye Minneapolis ampigie nyanya yake simu Januari: "Shikamoo nyanya, huku ni kipupwe, theluji imetufika magotini." Nyanya yuko Mombasa, anajipepea kwa joto la kaskazi. Kwake yeye kipupwe ni Juni hadi Agosti, masika yamekwisha, kusi inavuma na usiku mtu anatafuta shuka. Wawili hawa wanatumia neno moja na hawaelewani.

Chanzo cha mkorogo huu si kigumu kukiona. Mfasiri ana majira manne ya Ulaya mkononi. Akitazama Kiswahili anakuta nacho kina manne: masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Basi anayapanga bega kwa bega kama wanafunzi gwarideni. Masika, ambayo ni mvua kubwa ya Machi hadi Mei, yanageuzwa kuwa wakati wa maua kuchipuka. Vuli inawahadaa wengi zaidi kwa sababu miezi yake inakaribiana na ile ya majani kupukutika kule kaskazini. Lakini mkulima wa Ukambani anapoisikia mvua ya vuli anawaza mbegu, hawazi majani makavu.

Najua watakaoniambia kwamba lugha hupanuka, na kwamba zipo kamusi zinazokubali matumizi haya. Ni kweli hupanuka. Neno barafu lenyewe asili yake ni Kiajemi, ambako maana yake ni theluji. Sisi tukalipa kazi ya maji yaliyoganda, kisha theluji tukaiita kwa neno la Kiarabu. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa pwani yetu haikuwa na theluji ya kugombaniwa na maneno mawili. Kipupwe ni kisa kingine. Neno hili bado lina kazi, na wenyewe bado wanalitumia. Ukitaka kulinyoosha, linyooshe kuelekea Johannesburg, ambako baridi huja Juni hadi Agosti sawa na huku. Kwa Minneapolis, majira ya baridi yanatosha, au majira ya theluji kwa anayependa.

Kuna aliyetutangulia katika tatizo hili. Mnamo Mei 1848, mmishenari Johannes Rebmann aliuona weupe kileleni mwa Kilimanjaro, na kiongozi wake wa safari akauita kwa neno moja tu: baridi. Wanajiografia wa London walibisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Kiongozi yule hakutafuta neno la kukopa. Alisema kile ambacho mwili ungehisi, na hakukosea.

Kasoro nyingine inaharibu zoezi lenyewe. Watoto wanaelekezwa kukata chembe ya theluji kwa karatasi, na agizo linasema: "Kunja karatasi mara tatu, kisha kata." Mtoto mtiifu atakunja nusu, nusu tena, na nusu ya tatu. Akiikunjua atapata umbo la pembe nane. Theluji haina umbo hilo. Molekuli za maji zinapoganda hujipanga kwa sita sita, jambo lililomshughulisha Johannes Kepler hadi akaliandikia kijitabu mwaka 1611. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, alianza kuzipiga picha chembe hizo kwa hadubini mwaka 1885 na akaacha picha zaidi ya 5,000. Agizo sahihi lingekuwa: "Kata duara, likunje nusu, kisha nusu hiyo uikunje katika sehemu tatu sawa." Mara tatu na sehemu tatu si kitu kimoja. Hapa mwalimu wa Kiswahili na wa sayansi wanahitajiana, na karatasi hii imewakosesha wote wawili.

Ngwini na dubu mweupe waliochorwa wakicheza pamoja nitawapita haraka. Dubu huyo yuko ncha ya kaskazini, ngwini wako kusini, na kuna jamii ya ngwini wanaoota jua ufukweni karibu na Cape Town bila theluji yoyote.

Zoezi la kunyunyizia chumvi kipande cha barafu, ili watoto waone kinavyoyeyuka, nalisifu. Ni rahisi, lugha yake ni safi, na mtoto wa kule anaelewa kwa nini barabara yao humwagiwa chumvi.

Kwa shule za huku, ningeongeza neno moja ambalo sikulikuta katika karatasi hata moja: sakitu. Mtoto wa Kinangop anayaona majani ya viazi yakiwa yameungua asubuhi kwa baridi ya usiku, na wazazi wake wanahesabu hasara. Yule wa Nanyuki anautazama Mlima Kenya, ambako barafu ya Lewis imepungua mno tangu enzi za babu zake. Mwalimu angewatoa nje saa moja asubuhi mwezi wa Julai, wakaigusa sakitu nyasini na kuandika sentensi tatu kuihusu. Hapo hata kipupwe kingekuwa kimetumiwa mahali pake.